Makumbusho ya konokono kwenye shamba la mahindi: shajara ya mradi, Moshi

12 Mei 2025: Kuchagua

Zoezi letu la usanifu majengo la mwaka huu ni hili: chagua makumbusho yaliyochorwa lakini hayakujengwa, uyasome upya kwa kuyasanifu mahali unapopafahamu. Nimechagua makumbusho ya kukua bila kikomo ya msanifu majengo Le Corbusier, aliyoyachora mwaka 1939 kwa ajili ya mji wa Philippeville nchini Algeria, ambao leo unaitwa Skikda. Mahali nilipopachagua ni shamba letu la mahindi kusini mwa Moshi, njia ya kwenda kiwanda cha sukari cha TPC. Nitaandika kila hatua ikiisha, pamoja na fedha iliyokwenda, ili atakayefuata asilipie makosa ambayo mimi nimeshayalipia.

Kwanza ramani yenyewe. Ukiitazama kutoka juu ni konokono wa mraba. Jengo lote limeinuliwa juu ya nguzo. Mgeni anapita chini yake hadi katikati, anapanda kwenye ukumbi, kisha anaanza kuzunguka kuelekea nje, akifuata korido yenye upana wa kama mita 7 na kimo cha kama mita 4.5. Vitu vya kuonyesha vikiongezeka, unaongeza kipande mwishoni mwa korido: nguzo, boriti, kipande cha dari, vyote vya kipimo kilekile. Mwanga wa mchana unatoka darini. Jengo halina uso wa mbele, maana ukuta wa nje wa leo kesho utakuwa ukuta wa ndani.

Wazo hilo alikuwa nalo tangu zamani. Mwaka 1931 alimwandikia Christian Zervos, mhariri wa jarida la Cahiers d'Art la Paris, kwamba makumbusho ya aina hiyo yanaweza kuanza bila fedha, chumba kimoja kwanza, katikati ya shamba la viazi nje ya jiji. Nilipofika hapo nikafunga kitabu nikatoka uani. Huku kwetu nani anajenga kwa mkupuo? Baba alianza na vyumba viwili na sebule. Nondo zilibaki zimechomoza juu ya nguzo za baraza miaka tisa, mama akizitumia kufungia kamba ya kuanikia nguo, hadi fedha ya chumba cha tatu ilipopatikana. Toka Moshi hadi Arusha barabara nzima ina nyumba za namna hiyo. Na shamba la viazi tunalo pia: familia nyingi za Kichagga zina kihamba huko mlimani chenye migomba na kahawa, halafu shamba la chini, tambarare, la mahindi. Kihambani hakuna mtu atakayekubali uweke makumbusho. Shamba la chini lina nafasi.

Kwa hiyo hoja yangu ya kuanzia ni nondo. Konokono wa Le Corbusier nitamsoma kama nyumba ya kwetu inayosubiri fedha.

29 Mei: Modeli ya kwanza

Skeli ni 1:100. Ukumbi wa katikati ni mita 14 kwa 14, halafu mizunguko miwili ya korido ya mita 7, jumla mraba wa mita 42 kwa 42. Nguzo zinakaa kila mita 7, kwa hiyo ni 49. Nguzo ya kipenyo cha sentimita 30 kwa skeli hiyo ni milimita 3, na vijiti vya mishikaki ni milimita 3 kamili. Kijiti kimoja kinatoa nguzo tatu za sentimita 7.5: mita 3 za uvungu na mita 4.5 za korido.

Kukata na kubandika ni kazi ya kawaida, sina la kueleza. Kosa lilikuwa gundi. Nilipaka gundi ya mbao uso mzima wa kadibodi ya paa, ikalowa, na asubuhi paa lote lilikuwa limekunjamana kama jani la mgomba lililopigwa na jua. Paka gundi kwenye ncha za nguzo tu, kisha weka kitabu kizito juu usiku kucha.

Kwenye ukingo wa nje nilichomeka vipande vya waya wa kufungia nondo, sentimita moja kila kimoja, vikichomoza kuelekea kule ambako mzunguko wa tatu utakuja. Hicho ndicho kilichonifurahisha kuliko kitu kingine chochote kwenye modeli hiyo. Nilikipiga picha jioni, jua likiwa limelala, vivuli vya nondo vikianguka mezani.

Gharama: kadibodi 6 kwa 3,500, vijiti pakiti mbili 4,000, gundi 7,000, wembe 2,500, waya 1,500, na ubao wa chini, ambao ni mabaki ya fundi seremala, 8,000. Jumla shilingi 44,000.

27 Juni: Jua

Madirisha ya paa niliyachora yote yakitazama kaskazini. Kila kitabu cha makumbusho nilichosoma kinasema mwanga wa kaskazini ni mtulivu, hauleti jua la moja kwa moja kwenye picha wala kwenye ngozi na vitambaa. Nilinakili bila kujiuliza kitabu kiliandikwa wapi.

Tarehe 21 nilitaka kuitoa modeli nje, maana siku hiyo jua liko kaskazini kabisa. Wingu. Mwenye kuijua Moshi ya Juni anajua: mlima umejifunika na baridi inakaa hadi saa nane. Tarehe 22 wingu, 23 wingu. Tarehe 25 wingu lilipasuka na nikakimbia na modeli hadi uani, nikaielekeza kwa dira ya simu. Kwa Moshi adhuhuri halisi haiwi saa sita kamili, inakuja kama saa sita na nusu, kwa sababu tuko magharibi ya mstari ambao saa zetu zinaufuata.

Saa sita na nusu nilichungulia ndani ya korido kupitia ukuta niliouacha wazi. Mstari wa jua ulikuwa umelala ukutani, mweupe, mkali, pale hasa nilipochora kutundika vitambaa.

Hesabu yake ni rahisi na ningeifanya kabla ya kushika wembe. Moshi iko kama digrii 3 na theluthi kusini mwa ikweta. Mwishoni mwa Juni jua la adhuhuri liko kaskazini yetu, digrii kama 63 kutoka upeo wa macho. Desemba liko kusini, digrii kama 70. Tangu katikati ya Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana linatoka kaskazini. Skikda iko karibu digrii 37 kaskazini mwa ikweta. Kule jua la adhuhuri halipiti upande wa kaskazini hata siku moja kwa mwaka. Kanuni iliyo kweli kule, hapa ni uongo kwa zaidi ya nusu mwaka.

Nilijaribu kofia za kadibodi juu ya kila dirisha. Dirisha lina kimo cha mita 1. Kofia ya sentimita 60 ilizuia jua la adhuhuri, lakini kesho yake saa tatu na nusu asubuhi jua likapenya chini yake. Kofia ya sentimita 80 ilizuia yote mawili. Kabla ya hapo jua liko chini sana, lakini makumbusho yakifunguliwa saa nne si neno.

Kosa la pili lilijitokeza hapohapo. Konokono ana pande nne. Kwenye korido zinazokwenda kaskazini na kusini, dirisha lililolala kwa urefu wa korido linatazama mashariki au magharibi, na jua la asubuhi na jioni halizuiliki kwa kofia. Kwenye pande hizo nimeyageuza madirisha yakate korido kwa upana, meno ya msumeno, yote yakitazama kusini au kaskazini. Dari imepoteza ule mstari mmoja mrefu wa mwanga unaomwongoza mgeni kuzunguka. Sikupenda, lakini kitambaa cha bibi hakitabaki na rangi kwa sababu mstari ulipendeza.

9 Julai: Maji

Paa la Le Corbusier ni bapa. Shamba letu linapata masika ya Machi hadi Mei, na mvua ya huku haimwagiki kwa adabu. Mita 42 kwa 42 ni mita za mraba 1,764. Mvua ya milimita 50 juu ya paa hilo ni lita 88,200. Zote lazima ziende mahali.

Nilifunika paa la modeli kwa nailoni, nikachukua kopo la kumwagilia miche. Maji yalituama katikati, kwenye ukumbi. Nilipoinamisha modeli yakatoka, yakavuka paa la mzunguko wa kwanza, yakavuka la pili. Hapo nikaelewa ubaya wa konokono: kila mzunguko unaoongezwa unamzuia aliye ndani yake kutoa maji. Mzunguko wa tatu ukija, maji ya ukumbi yatavuka mapaa matatu. Jengo linakua na bomba lake linazidi kurefuka.

Nikapata wazo ambalo kwa siku mbili nililiona la maana kuliko yote. Wazee wa Kichagga waliteremsha maji kutoka korongoni hadi kihambani kwa mifongo, mifereji inayofuata ubavu wa mlima kwa mteremko mdogo mno, kilomita na kilomita, bila pampu. Kwa nini maji ya paa yasifuate konokono mwenyewe, yaanze katikati na kuzunguka hadi nje? Mfongo juu ya paa! Nilichora karatasi nzima.

Kisha nikapiga hesabu. Mzunguko wa kwanza, ukipimwa katikati ya korido, ni mita 84. Wa pili ni 140. Jumla 224. Kwa mteremko wa sentimita moja kila mita, mfereji unashuka mita 2.24 kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukiongeza mzunguko wa tatu wenye mita 196 unafika mita 4.2, na korido yangu ina kimo cha mita 4.5. Mfereji ungetokea miguuni mwa mgeni. Mfongo una mlima mzima wa kuteremka. Paa langu halina.

Nilichobakiza ni kwamba maji yanashuka kwenye kila kiwiko cha konokono, kwa bomba lililo ubavuni mwa nguzo, hadi mfereji wa chini uliopo uvunguni. Inafanya kazi, ila mabomba ya mzunguko wa ndani bado yanamwaga maji chini ya jengo, mahali ambapo wageni wanapita. Nimeliacha hivyo kwa sasa, na haliniridhishi.

26 Julai: Kamba shambani

Mahindi yamevunwa, shamba liko wazi. Niliamua kuchora jengo zima ardhini kwa kipimo chake halisi. Binamu zangu watatu walikuja kusaidia. Vigingi tulichonga wenyewe.

Kamba ya katani ilituadhibu. Tulianza saa moja asubuhi, umande ukiwa bado kwenye mabua, tukapima na kufunga mafundo kila mita 7. Saa tano kamba ilikuwa imekauka na mafundo yamesogea. Katani ikilowa inafupika, ikikauka inarefuka. Tulipopima mishazari ya mraba, ambayo kwa mita 42 inapaswa kuwa mita 59.4, mmoja ulizidi mwenzake kwa mita 1.1. Tulirudia yote kwa futi ya utepe ya kuazima, pembe tukizipata kwa pembetatu ya mita tatu, nne na tano. Siku nusu imepotea. Pima kwa utepe, kamba itumie kuonyesha mstari tu. Korido za ndani tulizichora kwa chokaa.

Saa kumi babu alikuja. Nilimwamkia, nikamweleza kwamba hapa ni makumbusho, aingie nimtembeze.

"Mlango uko wapi?"

Nikamwambia mlango uko katikati, tunapita chini ya jengo.

Alitazama kamba, akatazama mahali nilipoonyesha. "Chini ya jengo ni uvunguni. Uvunguni hupita kuku na mwizi. Mgeni unampokea mlangoni."

Nilitembea naye hata hivyo. Tulianzia katikati, tukapita ukumbi, tukaingia korido ya kwanza. Anatumia fimbo na anatembea bila haraka. Kwenye kiwiko cha nne alikuwa bado anauliza maswali: hapa mtaweka nini, zile kata za mbege mtazipata wapi, watoto watajuaje jiwe lile ni la kusagia ulezi. Kwenye kiwiko cha sita alinyamaza. Akaomba ndoo, akaigeuza, akaketi.

"Mjukuu wangu, nikichoka hapa natokea wapi?"

Hakuna mahali pa kutokea. Angepaswa kumaliza mzunguko au kurudi njia yote aliyokuja. Na hili silo kosa la Le Corbusier. Kwenye ramani yake kuna njia za mkato zinazokata mizunguko, zimepangwa kama pangaboi, ili mgeni aweze kujua alipo na kutoka. Mimi ndiye niliyeziziba. Nilipokuwa nachora mwezi Mei niliona konokono asiyekatwa ni msafi zaidi, nikazifuta kwa kubonyeza mara moja. Nilifuta mapafu ya ramani nikidhani ni mapambo.

Babu alipotaka kuondoka hakuzunguka. Alinyanyua fimbo, akavuka kamba, akaenda moja kwa moja hadi barabarani.

Gharama: kamba 12,000, chokaa mifuko miwili 18,000, soda na maandazi ya binamu 11,000. Jumla 41,000.

10 Agosti: Fundi na nondo

Nilimwomba fundi aliyejenga nyumba yetu aje aone ramani. Nilimlipa 20,000 kwa siku yake ingawa alisema haina haja. Nilimwekea modeli mezani, nikamwonyesha nondo zangu za waya.

Aliigeuza modeli taratibu, akazigusa kwa ncha ya kidole. "Hizi umeziacha urefu gani?" Sentimita 30, kwenye mchoro wa kina niliouchora kwa skeli nyingine. "Nondo ya ngapi?" Ya 16. Akatikisa kichwa. Kuunga nondo unahitaji zilaliane mara 40 hadi 50 ya kipenyo chake. Kwa nondo ya milimita 16 ni sentimita 64 hadi 80. Hilo nilifundishwa darasani, nikalisahau mbele ya picha nzuri.

Hilo linarekebishika. Lililofuata halikurekebishika.

"Utaziacha miaka mingapi?" aliniuliza. Nikasema hata kumi, hata ishirini, hadi fedha ipatikane. Akasema, binti, nondo za baba yako nilizikuta baada ya miaka tisa zimeshika kutu, nikazipiga brashi ya waya, nyingine nikazikata nikachomelea mpya. Wanaojali wanazipaka uji wa saruji au wanazifunika kwa zege jepesi la kubomoa, na bado zinaliwa. Halafu akaniuliza udongo wa shamba ukoje. Mweusi, kiangazi unapasuka nyufa za kuingia mkono.

Akanieleza kwa viganja viwili juu ya meza. Kiganja hiki ni jengo la zamani, limekaa miaka kumi, limeshashuka linavyoshuka. Kiganja hiki ni jipya, ndiyo kwanza linaanza kukaa. Masika ya kwanza udongo unavimba, kiangazi unanywea, jipya linashuka. Akashusha kiganja kimoja kidogo. "Ukiwa umeyafunga kwa nondo, moja linamvuta mwenzake. Ufa unaanzia hapa." Chumba chetu cha tatu kina ufa hapohapo, kutoka kona ya dirisha hadi dari. Nimekua nikiutazama, nikidhani ni wa plasta.

Ushauri wake: usiunge. Jengo jipya lisimame kwa nguzo zake na msingi wake, uache nafasi.

Nilimsindikiza hadi kituo cha daladala. Nilirudi nikakaa mbele ya modeli bila kufanya lolote. Mradi wote nilikuwa nimeuandika juu ya nondo.

24 Agosti: Kuchora upya

Siku nne za kwanza nilijaribu kumwokoa konokono. Nafasi ya sentimita 5 kati ya jengo na jengo, iliyofunikwa kwa bati, hivyo konokono abaki na umbo lake. Haikuwezekana kwa sababu ya msingi: kila nguzo ina kitako cha zege cha mita 1.2 kwa 1.2, na nguzo mbili zikikaribiana hivyo vitako vinapandana. Vitako viwili vya ukubwa huo vinahitaji angalau mita 1.2 kutoka nguzo hadi nguzo. Nikaweka mita 1.5.

Mita 1.5 ni mwanya wa mtu kupita. Unaona anga. Kisha ramani ikaanza kujibu yenyewe na mimi nikawa nafuata.

Nilipotenga mizunguko kwa mita 1.5, korido hazikugusana tena kwenye viwiko. Ukumbi ni mita 14. Ukiongeza mwanya pande zote mbili, mzunguko wa kwanza unazingira mraba wa mita 17. Kila mkono wa korido nikiuacha kwenye vyumba vitatu vya mita 7, yaani mita 21, unabaki uwazi wa mita 3 kwenye kila kiwiko. Mzunguko wa pili unazingira mraba wa mita 34, mikono yake ni vyumba vitano, mita 35, na uwazi wa kiwiko unakuwa mita 6. Kadiri konokono anavyokua ndivyo viwiko vinavyofunguka. Mikono minne minne inazunguka kama pangaboi, umbo lilelile la njia za mkato nilizozifuta Mei.

Vyumba ni 36 kama mwanzo, mita za mraba 1,764 zilezile. Kiwanja kimepanuka kutoka mita 42 hadi 48 kila upande, na tofauti yote, yaani mita za mraba 540 zilizoongezeka, ni ardhi iliyo wazi kwa jua na mvua.

Maji: kila paa la mkono linainama sentimita 14 tu kwa upana wake wa mita 7 na kumwaga kwenye mwanya wake, ambako mfereji uko ardhini na nje ya njia ya wageni. Hakuna paa linalovukwa na maji ya jirani, hata uongeze mizunguko kumi. Mfongo umerudi ulipopaswa kuwa, chini. Babu: kwenye kila kiwiko kuna daraja fupi lenye kivuli, benchi, na ngazi ya kushuka nje. Mlango: uwazi wa mita 6 wa kiwiko cha mashariki umekuwa ua wa kupokelea, unaoonekana kutoka barabarani.

Mwalimu wangu alipoona michoro aliniuliza kwa simu: "Umebakiza nini cha mwenye ramani?" Swali la haki. Nilimjibu kwamba nimebakiza kipimo kimoja kinachojirudia, mgeni anayeanzia katikati, mwanga wa darini, jengo lililoinuliwa, na uwezo wa kuanza na chumba kimoja shambani. Nilichoacha ni kubandikana. Nikamkumbusha na Tokyo. Le Corbusier alijenga makumbusho matatu kutokana na wazo hili, Ahmedabad, Chandigarh na yale ya sanaa za Magharibi ya Tokyo yaliyofunguliwa 1959. Hakuna hata moja lililoongeza mzunguko. Tokyo walipohitaji nafasi, Kunio Maekawa, aliyewahi kufanya kazi kwenye ofisi ya Le Corbusier, alijenga jengo jingine nyuma ya lile la kwanza, mwaka 1979. Kihambani kwetu ni vivyo hivyo. Kijana akioa hapanui nyumba ya baba yake. Anajenga yake, ndani ya migomba ileile, na njia ya miguu inaziunganisha.

Mwalimu alikaa kimya kidogo, kisha akasema niendelee, ila nichore njia ya miguu kwa uzito uleule ninaouchorea ukuta.

7 Septemba: Modeli ya pili

Nguzo sasa ni 89: tisa za ukumbi, 32 za mzunguko wa kwanza, 48 za pili. Vijiti 30 vya mishikaki. Gundi kwenye ncha tu, vitabu juu, hakuna paa lililokunjamana.

Kosa moja la usiku. Mikono ya mzunguko wa pili niliikata kwa karatasi ya kunakilia, na mmoja niliukata karatasi ikiwa imegeuzwa. Madirisha yake yote yakawa yanatazama kinyume. Niliubandika, nikalala. Asubuhi, kwa mwanga wa dirishani, korido tatu zilikuwa na kivuli na moja ilikuwa inawaka. Kuung'oa kuliharibu kadibodi nzima. Andika "juu" kwenye kila karatasi ya kunakilia, pande zote.

Modeli hii haina waya hata mmoja. Ile ya kwanza nimeiacha juu ya kabati na nondo zake.

Gharama: kadibodi 7 pamoja na ile iliyoharibika 24,500, vijiti 4,000, jumla 28,500. Kuchapisha michoro ya A1 tangu Mei: karatasi tano za mwanzo 25,000 na tatu za sasa 15,000. Nauli za daladala 22,000. Ukijumlisha na yote ya juu, mradi umekula shilingi 195,500.

14 Septemba: Kamba tena

Tulirudi shambani na utepe, saa nne, umande umekwisha. Safari hii tulichora ukumbi na mkono mmoja tu, kwa sababu ndivyo jengo lenyewe litakavyoanza. Babu aliingia kwa upande wa barabara bila kuuliza. Alipofika kwenye kiwiko aliketi kwenye ndoo, ambako nimechora benchi, akatazama ule uwazi wa mita 3.

"Hapa utapanda nini?"

Nikasema migomba.

"Panda mshare. Na uiweke upande ule, jua la jioni lisimpige mtu usoni."

Nimehamisha migomba kwenye michoro. Kinachobaki ni yeye mwenyewe kufika juu. Sakafu iko mita 3 kutoka ardhini, na njia ya kupandia isiyo na ngazi, kwa mteremko wa moja kwa kumi na mbili, inahitaji mita 36, mbali na mahali pa kupumzikia. Shamba linashuka karibu mita moja kutoka barabarani kwenda chini. Nikiishusha sakafu ya ukumbi iwe mita 2 juu ya ardhi upande wa barabara, njia inakuwa mita 24, na inaingia kwenye ua wa kupokelea ikikunjwa mara moja. Mfereji wa mwanya wa kwanza utapita chini yake. Naanza kuchora hilo Jumatatu.